Madam na Viti vya Watu Waliokufa

Siku tuliyomzika Madam, mchungaji alisema tumempoteza mama mpole. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha kukodi, nikainamisha kichwa ili watu wadhani ninaomba. Mpole! Mwanamke aliyewahi kumrudisha afisa wa elimu kutoka getini kwa sababu alikuja amechelewa. Kisha binti yake akashika maikrofoni, akalia kidogo, akasema kwamba mwishoni mama yake alilegea akakubali mambo ya kisasa. Hapo nikainama zaidi. La mchungaji ni uongo wa kawaida wa makaburini, na nimemsamehe. La binti nitalifikia.

Vile viti vya kukodi, Madam asingekalia hata kimoja kabla ya kukitikisa. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, na kila aliyemjua alianza kumjua hapo. Alishika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, akakisukuma mbele, akakivuta nyuma, akatega sikio. Kikilia, hakukaa. Alifanya hivyo kanisani, kwa chifu, na kwa watu waliomwalika chakula kwa moyo mweupe. Nimemwona akifanya hivyo matangani, mfiwa analia upande huu na kiti kinalia upande ule. "Pole sana, mama, Mungu akufariji," alisema. "Na hii kiti yako imelegea mguu wa nyuma." Akasimama mpaka sala ikaisha.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, upande wa Bomet, mahali ambapo ukifungua dirisha la darasa unaona chai mpaka macho yachoke. Mimi nilifundisha chini yake hadi alipostaafu. Baadaye nikanunua kipande cha shamba kando ya boma lake, kwa hiyo nikatoka chini ya amri yake ofisini nikaingia chini ya amri yake kwenye ua. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuma chai, nami nikazaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, sikwenda popote. Akiwa na furaha aliniita Mwalimu. Akikasirika aliniita "wewe mtu wa ziwa," kana kwamba nimeshuka jana na begi mkononi. Mimi nilimwita Madam siku zote, kama walivyomwita wengine wote, hata wale waliokuwa wakubwa kwake.

Nyumbani kwake hakukuwa na kitu kipya ila balbu na sabuni. Kabati lilitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama Longisa. Kitanda kilitoka kwenye bweni lililovunjwa, akakiunganisha na kingine kilichotoka kwa masista. Makochi ya sebuleni yalikuwa ya podo, mbao nyepesi ya rangi ya siagi, na aliyanunua akiwa bado mwalimu mdogo, yakiwa yametobolewa na panya na yananuka sigara za mtu mwingine. Alimpa fundi wa sokoni kazi ya kuyavua mpaka mifupa, kuyapiga msasa, kuyatia gundi na kuyavisha upya. Tangu siku hiyo yalibadilishwa nguo mara kadhaa, lakini mifupa haikuguswa tena.

Meza ndiyo iliyomtia jeuri. Mashine za kuchuma chai zilipoingia mashambani, wachumaji walipungua, na baada yao mameneja nao wakapungua. Nyumba moja kubwa ya meneja ikafungwa na vyombo vikapigwa mnada. Watu wetu walikimbilia jokofu ambalo halikuwa na mota, na televisheni yenye tumbo kubwa. Madam alizunguka nyuma, akaingia banda la kuku, akatoka anatabasamu, jambo lililotutia wasiwasi sote. Alikuwa ameona meza ya mvule imelazwa kwa ubavu, kuku wamelala juu yake vizazi kwa vizazi. Aliipiga kwa kidole, akainusa, akalipa. Ilipopita barabarani kwenye trela ya trekta watu walipiga mayowe: "Madam ameleta kuni!" Hata mimi nilicheka, na sijutii, ilichekesha.

Ila msimu mzima wa mvua fundi aliichonga na kuisugua, na siku nilipoitwa kunywa chai juu yake niliona uso wangu kwenye mbao na sikuupenda. Watu kumi walikula pale bila kugusana viwiko. Meza haikuwa na msumari hata mmoja, miguu ilikuwa imepachikwa kwenye mashimo yake kama kidole kwenye pete.  Madam alinitazama tu ninavyoitazama, akaniongezea chai.

Sasa niseme kuhusu bonasi, kwa sababu huwezi kumwelewa Madam bila kuielewa aibu hiyo. Bonasi ya chai ya kila mwaka ikiingia, kijiji kizima hushikwa na ugonjwa mmoja. Pikapu zinapanda kutoka Kericho zimebeba makochi ya mahameli, mengine mekundu, mengine ya rangi ambayo sijaiona kwenye kiumbe chochote cha Mungu, yamefungwa nailoni. Ndani ya mahameli kuna mbao ya saiprasi iliyokatwa juzi, bado inatoa machozi. Na nailoni haitolewi, eti kochi lisichafuke! Mtu amelima chai mwaka mzima kwenye baridi na mvua ya mawe, kisha anakaa juu ya nailoni, anateleza, anatoka jasho la makalio, na anaita hiyo starehe. Kwetu mvua inanyesha karibu kila alasiri. Mbao mbichi inakunywa ule unyevu, inapinda, inaachia pini. Ikifika bonasi inayofuata kochi limelala chali nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake, na mwenyewe yuko Kericho anachagua lingine.

"Hawa watu hawanunui viti," Madam alikuwa akisema. "Wanakodi kuni."

Jirani yetu mmoja, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mtu mwenye akili katika mambo mengine yote, alinunua kochi ambalo halikupita mlangoni. Akavunja fremu ya mlango. Kochi likaingia, mvua nayo ikaingia. Jumapili hiyo alimwita mchungaji aje aliombee. Mchungaji, mtu mwenye mwili, alimaliza maombi, akaketi kwa shukrani, na tukamwona akishuka taratibu, magoti yakipanda kuelekea masikioni, mpaka akafika sakafuni bila kuachia Biblia.  Madam peke yake alisogea, akamnyooshea mkono na kumwambia, "Mchungaji, umeona mambo ya dunia hii?"

Baada ya hapo kina mama wa kanisa walimwomba awafundishe kuhusu kupanga nyumba. Walitarajia vitambaa na maua. Aliwasimamisha mbele ya kochi kuukuu lililovuliwa nguo akaanza kuwasomesha kama darasa la nne.

"Mbao ya zamani imemaliza kupinda," alisema. "Ilipinda wakati wa watu wengine, shida wakapata hao. Wewe unachukua ile imetulia. Sponji ikizeeka, badilisha sponji. Kitambaa ikiisha, badilisha kitambaa. Kwani mtoto akichafua nguo unatupa mtoto? Na pesa inabaki hapa kwa fundi wetu, mtu unamjua, akikosea unamfuata mpaka kwake. Na miti je? Mnalia mvua imebadilika, na kila mwaka mnaangusha msitu ndio mkae mkiangalia televisheni."

Mama mmoja aliinua mkono. "Lakini Madam, si hizi viti ni za watu walikufa?"

"Na hiyo shamba yako ulipewa na nani?" Madam akamjibu. "Malaika?"

Wengi walicheka na wachache wakaenda kweli kutafuta kabati za mama zao zilizotupwa nje, wakazirudisha ndani, na wakaanza kutuonyesha majirani kwa majivuno kana kwamba wao ndio waliovumbua mbao. Wengine walisubiri bonasi.

Hakuwa mtu wa kunyooka kama rula, na sitamsafisha hapa kama walivyomsafisha kaburini. Madam huyohuyo aliyelalia kitanda cha bweni hakuvaa mtumba hata siku moja. Nguo yake ilikuwa mpya, ya dukani, na leso yake mpya. Nilimuuliza tofauti iko wapi. "Kiti hakitoki jasho, Mwalimu," alinijibu, na mazungumzo yakaishia hapo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mazungumzo. Aliwachukia mabwana wa zamani wa mashamba, akawasema kwa maneno ambayo siyaandiki, kisha akaipangusa meza yao kwa mafuta kila Jumamosi. Alimkosoa fundi kila pigo la nyundo, ilhali yeye mwenyewe akipewa nyundo aliupinda msumari na kuulaumu msumari. Na alichukia uongo kuliko kitu chochote. Mtoto akisema "hakuna mtu ameniuliza," hiyo kwake ilikuwa dhambi mbili, kuficha na kujibu. Alimsimamisha kwenye paredi ya asubuhi mbele ya shule nzima na kumtazama kwa jicho moja, lile la kushoto, mpaka mtoto akasema hata ya mwaka uliopita.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, anayefanya kazi ya ofisi Kericho. Binti huyo alijifunza kusimama akishikilia mkono wa kochi la podo. Nililisikia jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Ikafika siku za koito yake, pale ukoo wa mume unapokuja kwa mama wa msichana kukaa na kuongea mahari. Kwetu hapa hiyo si sherehe ya kufanyia popote. Ni nyumba ya mama inayotazamwa. Binti alikuja wikendi moja, akasimama katikati ya sebule na mkoba begani, na mimi nilikuwa pale kwa sababu nilikuwa nimekuja kuomba jembe.

"Mama, hawa watu wa Kericho watakaa wapi?"

"Kwa viti."

"Hizi?"

"Unaona zingine?"

"Mama, please. Hizi ni viti za watu walikufa. Watasema nimetoka wapi? Mama ya huyo kijana ni mtu amezoea vitu za maana. Nunua tu set moja. Mimi mwenyewe nitasaidia kulipa."

"Sileti takataka kwa nyumba yangu ndio wageni wafurahi," Madam akasema. "Na wewe ulisimama mara ya kwanza ukishikilia nini?"

"Basi nitafanyia kwa uncle," binti akasema, na akafanya hivyo.

Koito ikafanyiwa Chebunyo, kwa ndugu ya Madam, katika sebule iliyojaa mahameli na nailoni. Ndugu huyo ni mfanyabiashara wa ng'ombe, na siku hiyo alitembea kama aliyemzaa binti yeye mwenyewe. Madam alikuja. Nilidhani hatakuja. Alielekezwa kochi la mbele, la heshima, akalishika mgongo, akalitikisa, nalo likalia mbele ya koo mbili. Alisimama mazungumzo yote, kikombe cha maziwa ya mursik mkononi, huku wazee wakijaribu kupatana juu ya ng'ombe na kutomtazama. Nilimcheka moyoni na nikamwonea fahari, yote kwa wakati mmoja. Binti yake hakuona la kucheka. Aliona mama amekuja kumwaibisha, na sidhani kama alikosea sana.

Baada ya harusi hakurudi nyumbani. Alituma salamu, alituma sukari kwa watu, mwenyewe hakuja. Akapata mtoto wa kiume. Madam alimwona mjukuu kwenye simu. Alikuwa anakuja mpakani, ananipa simu juu ya ua bila kunitazama, anasema, "Hebu fanya hii picha ikuwe kubwa." Nikiikuza anaitazama, kisha anasema mtoto hajafunikwa vizuri, anaondoka. Ilimuuma sana. Nasema mimi, kwa kuwa yeye hakusema, na waliokuwa wakisema ana roho ya jiwe hawakuwahi kumshikia simu hiyo.

Siku moja nilikuwa Kericho kutafuta dawa ya ng'ombe, mvua ikanifukuza kwenye baraza ya duka la makochi. Ni lile la aina ya kupiga muziki mpaka barabarani, kana kwamba kochi ni gari la kampeni. Nikachungulia ndani. Madam alikuwa ameketi juu ya kochi la zambarau, lenye vifungo vya kumetameta na nailoni yake yote, mkoba umesimama mapajani.

"Madam," nikasema, "umepotea?"

"Mwalimu, tikisa hii."

Nikalitikisa. "Inalia."

"Najua inalia. Kwani sina masikio?" Akapiga nailoni kwa kiganja. "Msichana amenipigia simu. Mama mkwe wake anataka kuona nyumbani, na watakuja na mtoto. Ameniambia, mama, tutakuja kama kuna mahali pa kukaa."

Nilisubiri aongeze tusi. Hakuongeza. Kijana wa duka alikuwa anatueleza kwamba kochi hilo ni la kisasa kabisa, la mabalozi, na Madam hakumtazama. Alikuwa ameingiza vidole chini ya nailoni anabonyeza.

"Sponji yake ni nzito," akasema. "Na huyu ameshona vizuri. Zingine zote ni upuzi. Lipa gari, Mwalimu, nitakurudishia."

Nilirudi nyumbani kwenye pikapu na seti nzima ya makochi ya zambarau, nimenuna kuliko yeye. Nilihisi kama nimemsindikiza mtu mkubwa kwenda kuomba msamaha kwa wajinga. Nilijiambia kwamba wameshinda, watu wa nailoni, wamempata hata huyu.

Kesho yake asubuhi nikasikia koleo. Nilipofika uani nilimkuta fundi wa sokoni amelilaza kochi moja jipya juu ya gunia, anang'oa pini moja moja. Kando yake yalikuwa makochi ya podo, uchi, mifupa ya rangi ya siagi kwenye jua. Alichuna zambarau kama mtu anayechuna mbuzi, akatoa sponji nzima, akaanza kuvisha yale ya zamani. Saiprasi iliyobaki ilikuwa na magome mahali mahali, na utomvu ulimnata fundi vidoleni.

"Madam," fundi akasema, "mimi sijawahi vua kiti mpya nguo ndio nivalishe mzee."

"Vuta kitambaa, wacha hotuba. Hapo pembeni umekunja vibaya."

Nilizunguka ile kazi mara mbili. "Madam," nikasema, "huu si uongo?"

"Nani ameniuliza?" akasema.

Nilitaka kumkumbusha paredi. Nilimwona usoni nikaacha.

Walikuja Jumapili baada ya kanisa. Niliitwa nikae upande wa nyumbani, kama mzee wa ua, nimevaa koti. Sebule ilikuwa imejaa zambarau mpaka macho yakauma. Binti aliingia kwanza, akasimama palepale alipowahi kusimama na mkoba, akashika mdomo kwa mikono miwili. "Mama!" Akamkumbatia, na Madam akasimama ndani ya kumbatio hilo kama mtu anayepimwa nguo, kisha mkono wake mmoja ukapanda polepole mgongoni mwa mtoto wake ukabaki hapo. Binti akatoa simu, akaanza kupiga picha makochi.

Mama mkwe akaingia nyuma yake. Huyu ndiye tuliyeogopeshwa naye, mtu wa vitu vya maana. Alikuwa mama mfupi, viatu vina matope ya shamba, mikono ya kukamua. Alisalimu kila mtu, akaelekezwa kochi la mbele, na kabla hajakaa akanyoosha mkono, akashika mgongo wake, akalisukuma mbele, akalivuta nyuma, akatega sikio.

Kochi lilinyamaza kimya.

 Mama mkwe alimwinamia Madam akasema kwa Kipsigis, kwa sauti ya chini, lakini mimi nimezaliwa hapa na ninaisikia: "Hiki si cha duka."

"Kaa, mama," Madam akamjibu. "Chai inapoa."

"Changu kilivunjika kabla huyu mtoto hajazaliwa. Fundi wako ni nani?"

"Tutaongea tukiwa wawili."

Mama mkwe akaketi kwa uzito wake wote, akaachia pumzi, akapapasa mkono wa kochi kama mtu anayempapasa ndama. Nikafikiria koito ya Chebunyo, na miaka iliyopotea kwa kumwogopa mama huyu, nikakasirika kiasi cha kumwaga chai kwenye sahani.

Mtoto alikuwa amewekwa chini. Alitambaa juu ya zulia, akapita miguu yetu, akafika kwenye kochi la pembeni. Akashika mkono wake kwa vidole vyote, akajivuta, magoti yakatetemeka, akasimama. Hakuwa amesimama kabla ya siku hiyo. Binti akapiga kelele ya furaha, akaja mbio na simu.

"Umeona, Mama?" akasema, machozi na kicheko pamoja. "Kiti mpya ndio hii sasa. Ameshikilia na haitikisiki hata. Si ungenunua tu mapema? Tungekuwa tunakuja."

Mama mkwe akatazama kikombe chake. Nilifungua mdomo. Nilikuwa karibu kabisa kuinua kile kitambaa pembeni, pale fundi alipokunja vibaya, nimwonyeshe yule msichana alichoshikilia mtoto wake. Sijawahi kumwona Madam akiacha kosa lipite, hata la mkaguzi wa shule, hata la askofu.

Aliweka kikombe mezani. "Ni kweli, mama," akamwambia binti yake. "Nilichelewa."

Kisha akanigeuzia jicho, lile la kushoto, la paredi. Nikafunga mdomo, nikainama kwenye chai yangu. Mtoto alikuwa bado amesimama.